Babu Alilala Migombani

Wafu huilalia ardhi, hawaishiki. Shangazi Kemilembe alimwambia hivyo kaka yetu Asimwe, aliyekuwa akituonyesha msingi wa nyumba yake mpya, nasi tukamng'ang'ania atueleze maneno hayo yalitoka wapi. Akaketi juu ya tofali, akaanza.

Chimbuko lake ni barazani kwetu, wanangu. Baba yangu, Rwezaura, aliijenga nyumba ile kwa kahawa ya miaka mingi. Jioni tuliketi barazani tukitafuna buni, harufu ya senene, wale panzi wa kukaanga, ikitoka jikoni. Hadi leo nikisikia harufu ile, naiona baraza.

Bibi yenu mkuu, mama yake baba, aliwahi kuunguliwa na nyumba ya nyasi. Kwa hiyo baba aliogopa moto kuliko kitu chochote, akakata bima. Wakala, Bwana Mutashobya, alimweleza taratibu: "Hii ni ya moto na wizi. Ukiongeza kidogo, itabeba na tetemeko la ardhi."

Baba akacheka. Akamwonyesha kaburi la babu pale migombani, hatua chache tu kutoka ukutani, kama ilivyo desturi yetu.

"Baba yangu amelala pale. Nikate bima dhidi yake? Ataniona namshuku!"

"Waitu, mzee wetu, sikumsema marehemu. Nimesema ardhi."

"Ardhi hii ndiyo yeye."

Wakala akapewa buni, akaenda zake.

Mchana mmoja ardhi ikanguruma. Tulikimbilia migombani, na tukiwa pale tukaiona baraza ikilala chini, kisha ukuta wa sebule. Hatukuumia. Baba hakuhangaika sana. "Nyumba ina bima," alituambia.

Mutashobya alipokuja, alizunguka kifusi.

"Mzee, ingeungua ningekuandikia fidia leo. Tetemeko hukulichukua."

"Lakini bima si bima?"

"Inabeba ulichoipa ibebe."

Baba aligeuka kulitazama kaburi. "Baba, hata wewe?"

Hapo bibi, mama yake baba, aliyeketi juu ya kinu kilichopona, akaguna.

"Mwache mume wangu apumzike! Alipokuwa hai, hata shuka hakuweza kulishika nikilivuta. Leo umemtwika ardhi nzima? Rwezaura mwanangu, wafu huilalia ardhi, hawaishiki."

Mama alicheka huku akilia. Baba naye akacheka, mwishowe.

Tulijenga vyumba viwili tu. Baraza haikurudi tena. Bima mpya ilipoletwa, baba alimwomba wakala amsomee yote, inachobeba na isichobeba, na tetemeko likaingizwa. Lakini kabla ya kutia sahihi alikwenda migombani, akachuchumaa, akaondoa majani makavu juu ya kaburi.

"Baba," nilimsikia akisema, "lala tu. Nilikubebesha kisicho chako."

Shangazi akaupapasa msingi wa Asimwe kwa kiganja.

"Umejenga karibu na kaburi la babu yangu, mwanangu, na umefanya vizuri. Msalimie kila asubuhi. Ila wafu huilalia ardhi, hawaishiki."