Kapteni wa Ambakisye Aende kwa Nani

Sogeeni, na aliye nyuma asikie. Nitawapa watu watatu na kitu kimoja, kisha mtaniambia kitu hicho ni cha nani.

Huko Tukuyu, kwenye baridi na migomba, walikuwepo watu watatu waliompenda mgonjwa mmoja.

Wa kwanza ni Lutengano, fundi simu. Kipaji chake kilikuwa kuchagua. Mpeleke kwenye rundo la mitumba, atachomoa shati moja tu, na shati hilo litakukaa kama umeshonewa.

Wa pili ni Gwakisa, fundi wa kuchomelea mageti. Kipaji chake kilikuwa mikono. Chuma ambacho wenzake wamekitupa, yeye alikitazama akaona jogoo ndani yake, au mbwa, au mtu.

Wa tatu ni Tusekile, muuza ndizi. Kipaji chake kilikuwa kipya, kusoma. Alikipata ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na tangu hapo akawa anasoma gunia la mbolea, kanga za watu, ubavu wa lori linalopita. Haruki neno hata moja.

Mgonjwa aliitwa Ambakisye. Kwa Tusekile alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa wale wanaume wawili alikuwa rafiki tangu utotoni. Moyo wake ulichoka mapema. Akikaa kidogo tu, pumzi inaisha, usingizi unamchukua.

Wanaume hao na Ambakisye walikuwa na mchezo wao wa Jumapili, vita vya mezani vya sayari za mbali. Unapanga vijisanamu vya askari, unapima mwendo wao kwa futi, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Mchezo wao ulikuwa mkubwa, askari wamejaa meza nzima. Unaanza watu wametoka kanisani, unaisha giza limeingia.

Ambakisye alipolala kitandani, wakamletea mchezo huko huko. Lakini kila mara alisinzia vita havijakolea. Akiamka anakuta meza imefunikwa shuka, wenzake wananong'ona kama watu wa msibani. Siku moja akamwambia mama yake, "Mama, kushinda sitaki. Nataka nimalize mmoja tu."

Mama aliyapeleka maneno hayo uani, kwa wale watatu. Aliyasema huku amewapa mgongo.

Lutengano akaanza kutafuta. Michezo ya namna ile iko mingi, watu wanatumiana kwenye simu. Kuna mmoja ulikuwa na majeshi ya kupendeza, akauacha, ulikuwa mrefu. Mwingine alioupenda mwenyewe akauacha pia, kwa sababu mtu anakaa muda mwingi akisubiri zamu, na anayesubiri ndiye anayelala. Mwishowe akachagua mmoja wa mbio. Askari wachache kila upande, unasogeza mmoja, mwenzako anasogeza mmoja, na vita vyote vinakwisha maharage hayajaiva. Chombo cha angani kimeanguka, pande mbili zinagombea betri yake. Atakayeifikisha mlangoni mwa chombo anarudi kwao.

Gwakisa akashika kazi. Mikono ya Ambakisye ilikuwa inatetemeka, na uwanja wenyewe ulikuwa sinia juu ya blanketi. Vile vijisanamu vya plastiki vilianguka kila alipokohoa. Basi Gwakisa akaunda askari wa chuma wenye miguu ya nati nzito, wasimame hata kitanda kikitikisika. Kapteni alimtengeneza kwa plagi ya pikipiki, akampaka koti jekundu kwa rangi iliyobaki kwenye geti la mteja. Ambakisye alimgeuzageuza, akasema huyu ana kitambi cha Gwakisa. Gwakisa akajibu kwamba lile ni tangi la hewa, na asiyejua mambo ya angani anyamaze. Walicheka mpaka Mama akaja kuwakanya.

Kanuni za mchezo zilikuwa furushi la karatasi, za Kiswahili. Wanaume walisoma kurasa za mbele wakasema wameelewa. Tusekile alikaa ukingoni mwa kitanda, kidole kwenye mstari, akasoma zote, hadi jina la aliyetafsiri.

"Dada," Ambakisye akamtania, "mende akipita kwenye hiyo karatasi utamsoma na yeye."

"Akitulia, nitamsoma."

Ikafika siku ya mvua, wakapanga sinia. Kapteni wa Ambakisye aliichukua betri, akawa anakaribia mlango. Lutengano akamlenga. Hakumhurumia, maana angemhurumia, Ambakisye angejua, na ingemuuma zaidi. Dadu ikatoa namba mbaya. Kapteni akalazwa chali. Ambakisye akafumba macho, na Gwakisa akaanza kukusanya askari taratibu.

Tusekile akamshika Gwakisa mkono. "Subirini. Kuna maneno niliyaona."

Akapekua mpaka kurasa za mwisho. Akasoma polepole kwamba kapteni aliyeanguka huinuka mara moja, kama mwenzake yuko karibu naye.

Mwenzake alikuwa kando yake kabisa.

Ambakisye akafumbua macho. Akamwinua kapteni mwenyewe, vidole vikitetemeka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Zamu ilipomrudia akamsogeza mpaka mlangoni.

"Nimemaliza," akasema. Kisha akamtafuta mama yake kwa macho. "Mama, kapteni wangu mpe aliyenifanya nimalize."

Mama akamuuliza ni yupi kati yao. Alikuwa ameshalala. Hakuamka tena.

Siku ya kuanua tanga vitu vyake viligawanywa. Koti alipewa mjomba, viatu vikaenda kwa binamu. Akabaki kapteni kwenye kiganja cha Mama.

Lutengano akasema bila ule mchezo wa mbio mwenzao angesinzia kama siku zote, na sinia ingefunikwa shuka. Gwakisa akasema bila ile miguu ya nati kapteni angeangukia mashukani kabla ya kufika popote. Akaongeza kwamba anaweza kuunda wengine hata leo, ila huyu rangi imembanduka mgongoni, pale alipokuwa anashikwa.

Ikafika zamu ya Tusekile.

"Miaka yote walicheza, mimi napita na chai," akasema. "Mdogo wangu nimemsomea mstari mmoja tu wenye maana. Ni ule."

Mjomba alishauri warushe dadu. Mama akakataa, akasema mwanawe hakutaja dadu. Kuna aliyesema awe wa wote, azunguke nyumba hadi nyumba. Mama akakataa tena, kwa kuwa mwanawe alisema mtu mmoja, na hilo ndilo neno la mwisho alilomwachia.

Mpaka leo kapteni yuko kwa Mama, amefungwa kwenye pindo la kanga. Mmoja wao akija kumjulia hali, Mama anamfungua, anamsimamisha mezani, wanamtazama pamoja. Mgeni akiaga, Mama anamfunga tena.

Haya, ninyi mmesikia yote. Mwambieni mama huyu amkabidhi nani. Na mkishamtaja, mwambieni pia wale wawili watakaobaki awaambie nini.