Mwalimu Nerima na Ramani ya Ulaya

Kuna maumivu ya kuonewa huruma, na kuna maumivu ya kumezwa kimya, kwa sababu aliyeumia anajua vyema kwamba mkono uliomuumiza ni wake mwenyewe. Mwalimu Nerima aliyaonja hayo ya pili Ijumaa moja, mbele ya shule nzima.

Alikuwa amefundisha Historia katika shule hiyo ya mtaa wa Section 58 kwa miaka kumi na miwili. Kisha akaja Tanveer, mwalimu wa juzi tu, mtoto wa mwenye duka la rangi mjini. Badala ya kuwasomea wanafunzi noti wanakili, Tanveer aliwapa burashi, wakachora kwenye ukuta wa maktaba ramani ya Ulaya ya mwaka 1871: Ujerumani, iliyokuwa imeungana karibuni, kwa rangi ya kijivu, Italia kijani, Ufaransa samawati. Mwalimu mkuu alipoiona alisema, "Ala! Hii ndiyo kazi!"

Loo, roho ya Nerima iliwaka kama makaa! Miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kusema "ala" kwa ajili yake.

Mambo yalizidi ilipotangazwa kwamba darasa lake na la Tanveer yangeshindana kwa maswali, na mwalimu wa washindi awe mkuu wa idara. Cheo hicho Nerima alikiota hata mchana.

"Kupaka rangi hata mtoto wa chekechea anaweza," alimwambia mwenzake Kipkemboi ofisini.

"Mwalimu, wivu huo utakumaliza," Kipkemboi akacheka.

Alhamisi, watu wakila githeri, Nerima aliingia maktabani peke yake. Mikebe ya rangi ilikuwa bado chini ya dirisha. Kwa mipigo minne ya burashi aliwarudishia Wafaransa Alsace na Lorraine, majimbo ambayo Wajerumani waliyatwaa kwa vita vizima. Wanafunzi wa Tanveer wangedurusu hapo jioni na kupotoka wote. Wake walikuwa na noti. Alitoka akijisikia raha tele.

Kumbe hakuwajua watoto! Wa Tanveer hawakuwa na haja ya kuitazama ramani waliyoichora kwa mikono yao. Waliojazana maktabani jioni ile walikuwa wa Nerima, waliochoshwa na noti.

Ijumaa, alama zikiwa sare, swali la mwisho lilimwangukia Fancy, mwanafunzi bora wa Nerima: "Mwaka 1871, Ufaransa ilipokonywa majimbo gani na Ujerumani?"

"Hakuna," Fancy akajibu bila kusita.

Swali likahamia kwa darasa la Tanveer, nao wakalijibu kwa sauti moja. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Fancy alimjia mwalimu wake akilia kwa kwikwi. "Noti zako zilisema Alsace na Lorraine, Mwalimu. Jana nikaona ramani, nikafuta. Nilidhani nimenakili vibaya."

Tanveer alikimbia kuutazama ukuta, akarudi amesawajika. "Ramani ni yangu, nilipaswa kuikagua. Pole sana, Fancy."

"Pole, Fancy," ukumbi ukaitikia. "Na wewe pole, Mwalimu Tanveer."

Nerima alisimama kando, machozi yakimlenga. Cheo kimekwenda, mtoto wa watu analia, naye hawezi kufungua mdomo, maana angeeleza nini? Alingoja mtu mmoja, hata mmoja tu, amgeukie. Hakutokea. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.