Domokupe na Kidonda cha Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kivivu hivyo, mmekula nini? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kwenye mbuga ya nyasi ndefu, waliishi mashoga wawili, Nyati na Domokupe. Nyati mnamjua, yeye na pembe zake. Domokupe ni ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, anayekaa mgongoni mwa wanyama akiwala kupe. Kazi zake zilikuwa mbili. Kuwadonoa kupe, do! do! do! Na kumwona simba mapema, akalia, krrr! krrr! Hapo Nyati hutimua mbio, simba akabaki na njaa yake.

Walipendana wale. Mvua ikinyesha, Domokupe hujibanza chini ya sikio la Nyati, wakapiga umbeya mpaka mvua ikatike.

Siku moja mwiba ukamchana Nyati begani. Kupe akaingia kwenye mchubuko.

"Shoga, nitoe huyu, ananiuma."

"Tulia, shoga." Do! Kupe akatoka. Tone la damu likabaki mdomoni mwa Domokupe. Akalimeza. Lilikuwa tamu.

Kesho yake kidonda kilikuwa kimefunga gamba. Domokupe akalitazama. Akasema moyoni, "Huenda kuna kupe chini yake." Akalibandua, bandu! Kupe hakuwapo. Damu ilikuwapo.

Siku ya tatu, bandu! "Nakusafisha, shoga." Siku ya nne, bandu! "Bado kuna uchafu, shoga." Siku ya tano hakusema kitu.

Msicheke ninyi. Hadithi hii huniuma mimi ninayeisimulia.

Kupe wakazidi. Walipita miguuni mwa Domokupe, naye hakuwagusa. Mmoja akapanda mpaka kwenye kidonda, akamwambia, "Ndugu yangu, sogea kidogo nami ninywe."

"Mimi? Ndugu yako? Mnyonya damu we!" Domokupe akafura kwa hasira.

Kupe akangoja. Domokupe akainama, akanywa. Halafu akasogea kidogo.

Kiangazi kikaja. Nyasi zikakauka, kundi likaondoka kwenda mtoni. Nyati akawa wa nyuma, anachechemea, kwata, kwata, kwata. Bega limevimba.

"Shoga, mbona kidonda hakiponi?"

"Subira yavuta heri, shoga."

"Wenzangu wananiacha."

"Tutawafikia."

"Isingekuwa wewe, ningeogopa," Nyati akasema. Alimwamini, masikini. Alikuwa akimgeuzia bega mwenyewe, ili asipate taabu.

Adhuhuri moja simba akaja ananyatia. Nyasi zikacheza, shwaa, shwaa. Kundi liko mbali. Nyati anasikiliza ile krrr ya shoga yake. Kimya. Mdomo wa Domokupe ulikuwa ndani ya kidonda.

Pu!

Domokupe akaruka juu, akalia, krrr! krrr! krrr! Alilia mpaka sauti ikakauka. Nani wa kumsikia? Nyati alikuwa ameshaanguka.

Wanyama wakaja kwenye msiba. Dada yake Nyati akasimama mbele ya Domokupe, macho mekundu.

"Simba simuulizi kitu. Simba ni simba tangu alipozaliwa. Nakuuliza wewe. Mdogo wangu alikupenda, na wewe ulimpenda, nilikuona kwa macho yangu. Nionyeshe siku uliyobadilika, niilaani."

Domokupe akamsimulia yote, tangu tone la kwanza, kisha akafikiri.

"Ni siku ile ya simba," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Nilikuwa nimeshabadilika."

Akafikiri tena. "Ni siku kupe aliponiita ndugu. Hapana. Alikwisha kuniona nikinywa damu."

"Basi ni siku ulipolibandua gamba?"

"Siku hiyo nilikuwa namtafuta kupe."

"Na lile tone la kwanza?"

"Siku hiyo nilikuwa namtibu, dada. Wallahi nilikuwa namtibu."

Domokupe akazihesabu siku kwenda nyuma, akazihesabu kurudi mbele. Akalia machozi.

"Siioni, dada. Kila siku nilikuwa yuleyule wa jana."

Dada mtu alikuwa ameshainamisha pembe amwue. Akaziinua. Akasema, "Basi hata siku ya kulaani sina." Akageuka, akalifuata kundi, analia njia nzima.

Na Domokupe naye ilibidi ale. Akaruka, akatua mgongoni mwa Kifaru.

"Kifaru, nimekuja kukutoa kupe."

"Karibu," Kifaru akasema.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia, wanangu, na ninyi watu wazima mnaojifanya mmesinzia. Mafunzo yake ni haya: mtu haamki asubuhi moja akajikuta mbaya. Hugeuka tone kwa tone, na kila tone lina sababu yake nzuri. Ukijiona unamuumiza umpendaye, na sababu unayo tayari mdomoni, acha siku hiyohiyo.