Miaka Hamsini na Moja Bila Kuitwa Jina Lake

Isome taratibu. Ukimaliza, mpelekee mtu mmoja unayeona anaihitaji.

Huko Kentaki, Marekani, aliishi mkulima aliyeitwa Amos Tolliver. Ukoo wake ulikuwa umelima bonde lile kwa vizazi saba, tangu Hezekia Tolliver alipofika na shoka na ng'ombe wawili, wakati kote kulikuwa msitu mtupu.

Amos alikuwa na mtoto mmoja tu, Lorena. Lorena hakujaliwa kuzaa, akamchukua binti yatima wa miaka sita, akamlea kama wake. Siku alipomwomba baba yake amwandike mtoto yule kuwa mrithi wa shamba, mzee alikunja uso.

"Shamba hili halijawahi kushikwa na mtu asiye wa damu ya Hezekia," alisema. "Nikifa, nitawaambia nini walionitangulia?"

Lorena alimshika mtoto mkono, wakaondoka, na hakurudi tena.

Ili kuonyesha kwamba alikuwa na haki, mzee akaamua kuufuatilia ukoo wake hadi kwenye mzizi. Alikwenda mahakamani kusoma hati za ardhi zilizofifia wino. Alikwenda makaburini, akakwangua kuvu kwenye mawe ili aone majina. Kila alichokipata kilimjaza fahari. Hezekia alifyeka ekari arobaini kwa mikono yake. Hezekia alivuka majira ya baridi yaliyowaua majirani wengi. Hezekia alilea watoto watatu peke yake, bila mke.

Mwishowe akafika kwenye kanisa dogo la mbao. Mama aliyetunza vitabu akamtolea daftari la mchungaji wa zamani. Humo mchungaji aliandika maneno aliyoambiwa na Hezekia siku mbili kabla ya kufa. Amos akavaa miwani, akasoma:

"Mimi si Hezekia. Hezekia alichukuliwa na mto tulipokuwa tunavuka kuja huku, na mkewe alikwisha kufa njiani kwa homa. Mimi nilikuwa kibarua wao, jina langu Silas Penrow. Watoto wao watatu walibaki wameng'ang'ania koti langu, mkubwa ana miaka minne. Ardhi ilikuwa imeandikwa kwa jina la baba yao. Niliogopa kwamba ikijulikana amekufa itachukuliwa, nao watagawanywa wakawe watumishi katika nyumba za watu. Basi tulipofika, nikaulizwa jina, nikajibu Hezekia Tolliver. Sikuoa, nisije nikapata wa kwangu nikawapenda kuliko wao. Sasa wote wamekua na wana watoto. Sidai kitu. Ila ni miaka hamsini na moja sijasikia mtu akiniita jina langu. Naomba uniite, mara moja tu."

Chini yake mchungaji aliongeza: "Nikamwita. Ilibidi nirudie ndipo akaitika."

Amos alisoma mara tatu. Mtu wa kwanza kulima shamba lile hakuwa na hata tone la damu ya Hezekia, na bila yeye jina la Tolliver lingeishia mtoni. Mzee akavua kofia, akasimama wima mbele ya daftari lile kama mtu aliyeingia kwa mfalme.

Hakupitia nyumbani. Aliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi kwa Lorena. Alipofunguliwa mlango, alimwomba binti yake radhi papo hapo kizingitini, kisha akamsimulia yote. Lorena alilia, akamwita mtoto aje mlangoni.

Ndipo mzee akapiga magoti, magoti yale yenye baridi yabisi, akamtazama mtoto usoni.

"Mjukuu wangu, sijawahi kukuuliza. Jina lako kamili ni nani?"

Mtoto alimwangalia mama yake kwanza. "Pilar Quiroga," akajibu kwa sauti ndogo. "Lakini naweza kuwa Tolliver, ukitaka."

"Hapana," mzee akasema. "Lako zuri. Shamba litakupokea nalo."

Funzo: Damu hutupa wazazi, lakini ukoo husimama kwa yule aliyekubali kubaki. Kabla hujamwita mtu mgeni nyumbani kwako, jiulize ni mgeni gani aliyewalea wazee wako.