Mihayo na Binti Asiyesema

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni motoni, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakizungumza, aliishi mrina asali jina lake Mihayo, na mkewe Kalunde, na binti yao Nyamizi. Nyamizi alikuwa na miaka saba, wala hakuwa amesema neno hata moja. Mbuzi wa zizini walisema, kunguru wa paani walisema, Nyamizi hakusema. Alipenda kuketi kizingitini akipanga kokoto mstari mrefu, na ukimwita hakugeuka.

Mihayo alimpenda, lakini alimwekea sharti. Kila mara mtoto alipomvuta mkono, alimwambia, "Sema kwanza, mwanangu. Ukisema, nitakuja."

Siku moja Kalunde alikwenda kukata nyasi za kuezekea, akafuatana na Nyamizi. Jua lilipopanda, Nyamizi akarudi peke yake. Mihayo alikuwa uani akichonga mzinga. Mtoto akamshika mkono, akamvuta.

"Sema kwanza, mwanangu. Ukisema, nitakuja."

Nyamizi akaingia ndani, akatoka na ushanga wa mama yake, akauweka pajani kwa baba. Mihayo akauweka kando.

"Sema kwanza, mwanangu. Ukisema, nitakuja."

Nyamizi akamvuta tena, kwa mikono miwili, akijipiga paji la uso na kulia.

"Sema kwanza, mwanangu. Ukisema, nitakuja."

Mara akaja mlembe, yule ndege anayewaongoza warina kwenye nyuki. Akaruka mbele, akarudi, akaruka tena. Mihayo akatupa tezo, akachukua shoka, huyo akamfuata. Langoni mlembe akatua.

"Mihayo, nimekuambia neno gani?"

"Hujaniambia neno."

"Umejuaje kwamba nakuita?"

"Umeruka mbele, umerudi, umeruka tena. Nani asiyeelewa hilo?"

"Na huyu aliyekuvuta, akarudi, akakuvuta tena?"

Mihayo akamtazama binti yake. Akampa mkono.

Nyamizi akamwongoza mbio hadi kwenye shimo la zamani la kutegea nyati, lililofunikwa na nyasi. Kalunde alikuwa chini, mguu umevunjika, sauti imemkauka.

"Nilimwonyesha njia ya nyumbani kwa kidole," akasema Kalunde. "Nilijua atakuleta. Mbona mmechelewa?"

Mihayo akashuka shimoni. Akamtoa, akambeba. Asali ya siku hiyo mlembe aliila na mrina mwingine.

Kalunde alipokuwa akiuguza mguu, Mihayo alifunga kamba mlangoni, akatundika vitu: kibuyu kidogo cha kiu, mwiko wa njaa, ushanga wa mama, kipande cha nta cha baba. Kila alipompa mtoto maji, alimwonyesha kibuyu. Kila alipompa ugali, alimwonyesha mwiko. Mwezi wa kwanza Nyamizi hakuvigusa. Mwezi wa pili hakuvigusa. Mwezi wa tatu alikitungua kibuyu, akamletea baba. Mihayo akaacha kazi, akampa maji, wala hakumwambia aseme.

Dada yake Mihayo, Kabula, alipoiona kamba ile hakupendezwa.

"Kaka, mnamharibu mtoto. Mkimzoesha vitu hivyo, hatasema kamwe."

"Huenda asiseme, dada. Lakini kiu yake haiwezi kungoja."

Kabula akaenda zake kwa mumewe, mbali. Misimu miwili ikapita. Nyamizi hakusema, lakini kamba ilikwisha kuongezeka vitu, na watoto wa jirani walivijua vyote. Siku moja Kabula akaja tena, vumbi hadi magotini, akaketi akiegemea ukuta. Nyamizi akainuka, akatungua mwiko, na bila kumtazama usoni akauweka kiganjani mwake.

"Mwaona?" akasema Kabula. "Mtoto ana njaa, na ninyi mmekaa."

"Ametoka kula sasa hivi," akajibu Kalunde. "Anakuuliza wewe, wifi, kama umekula."

Kabula akaugeuzageuza mwiko. Kisha akamwelekea Nyamizi.

"Sijala, mwanangu," akamwambia. "Tangu alfajiri."

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia, nami hapo naiacha.