Somo wa Binti wa Mwatumu

Hapo zamani, watu walipoizunguka dunia kwa miguu yao, palikuwa na msichana aitwaye Mwatumu. Hakuwa na kitu ila hamu: alitaka kuiona nchi ambako jua halizami.

Akamwambia jirani yake, "Dada Tausi, mama yangu ni wa kitandani. Nitaendaje?"

"Nenda. Mama yako ni mama yangu."

Akaenda. Akafua nguo za watu, akapewa chakula. Akateka maji, akapewa pa kulala. Jangwani akashikwa na homa. Msafara mzima ukampita, ila Hawo, mwanamke muuza ngamia, alishuka, akampandisha yeye, akatembea kwa miguu. Wakachelewa, Hawo akakosa mnada wa mwaka.

Akaenda, akaenda, hata kwenye milima ya baridi. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mwatumu akakata tamaa, akaketi ale kipande chake cha mwisho cha mkate, kisha arudi kwao. Akapita bibi kizee, Aneli. Kwa mazoea Mwatumu akainua mkate, "Karibu, bibi!" Alitazamia kusikia, "Ahsante, endelea." Bibi akaketi, akaupokea, akaula wote!

"Mama yangu! Kumbe huku ukimkaribisha mtu, anakula kweli!"

Aneli akajifuta mdomo, akavua koti lake, akamvika. Akamshika mkono, wakapanda hadi juu ya ukungu. Huko, saa ambayo kwao kina Mwatumu watoto wamelala fofofo, jua lilikuwa limekaa ukingoni mwa dunia, jekundu, halizami. Theluji yote ikawaka kama makaa. Mwatumu akalia. Na Aneli, aliyeliona maisha yake yote, naye akalia.

Mwatumu aliporudi alimkuta mama yake hai, safi, ananukia asumini. Akaolewa, akazaa binti. Hawo akasafiri kuja kumtazama mzazi.

Siku ya kumpa mtoto jina, Tausi akasema, "Aitwe Tausi. Wewe ukitazama jua, mimi nilikuwa namwogesha mama."

Hawo akasema, "Aitwe Hawo. Bila mimi ungezikwa mchangani."

Mwatumu akasema, "Na Aneli je? Bila yeye ningerudi bila kuona kitu."

Tausi akacheka. "Nani, yule mla mkate wako?"

"Mkate aliula, dada. Lakini alishuka mlimani anatetemeka, koti lake ninalo mimi."

Wote wakamtazama mtoto.

Haya, wenzangu mliopakata watoto: binti ni mmoja, na jina ni moja. Je, nani alistahili kuwa somo wake?