Pimbi Aliyeliingiza Jua Nyumbani

Sogeeni, wanangu, niwape ya zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, milango na majirani kama sisi.

Hapo kale, juu ya kilima cha Kiyombo, palikuwa na nyumba kubwa ya mawe iliyoitwa Nyumba ya Mbingu. Mwenyewe alikuwa kifaru, jina lake Mwinyikondo, na kazi yake ilikuwa kuwaangalizia wenzake mambo ya angani. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Shida ilikuwa moja tu: kifaru haoni mbali. Mwinyikondo akisimama katikati ya ua wake hauoni mlango, seuze nyota.

Aliyeona ni Kidawa, pimbi mdogo aliyemfagilia nyumba. Pimbi ana utando machoni, hulikodolea jua asiumie. Kila asubuhi Kidawa alipanda paani, akalitazama jua, kisha akashuka kumweleza bwana wake. Mwinyikondo naye alijifungia chumbani na Tembo na Nyati, akawanong'oneza. Wanyama wengine waliletewa amri tu: kesho msilime, keshokutwa msifue nguo.

"Bwana," Kidawa aliuliza siku moja, "kwa nini tusiwaeleze na wenzetu wa bondeni?"

"Habari za mbingu ni nzito, Kidawa. Wadogo zitawavunja shingo."

"Mimi mdogo, na sijavunjika."

"Wewe fagia."

Kidawa akafagia, fya, fya, fya. Lakini moyo haukutulia. Alikuwa ameona jua lina vidoa vyeusi, vinasogea siku hadi siku, kana kwamba jua zima linageuka polepole. Jambo tamu kama hilo, nawe huna wa kumwambia, linakuwasha kifuani.

Basi alasiri moja alikuwa anafagia ukumbini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Juu ya ukuta wa machweo, chini ya paa, panya walikuwa wametoboa tundu. Tundu lenyewe lilikuwa la pembe tatu, limekaa ovyo, lakini mwanga wake ukutani, upande wa pili, ulikuwa duara safi kama kisahani. Kidawa akasogea. Ndani ya kile kisahani aliona vidoa viwili vyeusi, vile vile alivyoviona asubuhi paani.

Akaketi sakafuni, ufagio mkononi. Lile halikuwa doa la mwanga. Lilikuwa jua lenyewe, limeingia ndani, na yeyote angeweza kulitazama bila kuunguza macho.

Jioni ile ile alishuka bondeni kwa kobe mmoja mkongwe, Bi Mwanaidi, ambaye ndiye aliyemfundisha kuhesabu siku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Baada ya siku tisa, alasiri, mwezi utapita mbele ya jua. Litabaki kipande kama ukucha, kisha litarudi."

"Umejuaje?"

"Kila baada ya miaka hamsini na minne na mwezi mmoja hutokea hivyo hapa kwetu. Nimeliona mara tatu. Hii ya nne."

Kidawa alifurahi kupita kiasi, akakimbia kumweleza Mwinyikondo. Hapo ndipo alipokosea. Mwinyikondo alimsikiliza, akawaita Tembo na Nyati, na kesho yake mpiga ngoma akapita bondeni: ti-ti-ti, ti-ti-ti. "Baada ya siku nane jua litakufa, kwa kuwa wadogo mnaichafua chemchemi! Njooni kilimani. Mkiahidi kuihama chemchemi, Mwinyikondo atalirudisha."

Chemchemi ilikuwa moja tu bondeni kote. Kuihama ni kuhama nchi.

Kidawa alimkuta Tatu, mama digidigi mwenye watoto wawili, amekaa kando ya maji na mtungi mtupu.

"Tutakwenda wapi, shoga yangu?" Tatu aliuliza. "Huyu mdogo hata kutembea hajakaza miguu."

Kidawa alitaka kusema kuwa ni uongo. Lakini nani angemwamini mfagiaji mbele ya kifaru? Tena, siku ile ikifika na jua likaanza kufifia kweli, wote wangeogopa, waahidi. Akafikiri. Kisha akasema, "Siku ile, Tatu, msitazame juu kabisa, mtapofuka. Na nikiwaingiza ukumbini, msimtazame Mwinyikondo. Tazameni ukuta ulio nyuma yake."

Akapanda kilima.

"Bwana, siku hiyo utakaa wapi?"

"Nje, juu ya jiwe, kila mtu anione."

"Nje watatazama juu. Nani atakutazama wewe?"

Mwinyikondo akaacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Waingie ukumbini," Kidawa akaendelea. "Tufunge madirisha, liwe giza. Wewe ukae chini ya ukuta mweupe wa macheo, uwaelekee. Nitaacha tundu moja dogo, mwanga ukushukie juu ya pembe."

"Juu ya pembe?"

"Juu ya pembe kabisa, bwana."

"Upake ukuta chokaa upya," alisema Mwinyikondo.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa: nungunungu, sungura, kicheche, ngiri na wanawe, Tatu na wanawe. Tembo na Nyati walisimama mlangoni, wakaufunga, kwi. Giza likaingia. Juu kidogo ya pembe ya Mwinyikondo, ukutani, likaonekana lile duara jeupe.

Halikukaa sana, likamegwa pembeni, kama chapati iliyong'atwa.

"Mama," alinong'ona mtoto wa Tatu, "kinaliwa."

"Tazama tu, mwanangu."

Duara likazidi kuliwa, huku likipanda ukutani polepole, maana jua lenyewe lilikuwa linashuka. Nje ndege walinyamaza. Ubaridi ukapenya chini ya mlango. Mwinyikondo, mgongo ukutani, hakuona lolote. Alisikia ubaridi tu, akajua wakati umefika.

"Jua linakufa," alisema kwa sauti nzito. "Semeni: tumeihama chemchemi."

Ukutani palibaki ukucha. Ngiri alifungua mdomo. Nungunungu naye alianza, "Tume..."

"Bwana," Kidawa akadakia, "wana hofu, sauti hazitoki. Waruhusu waimbe kidogo kwanza, wapate nguvu ya kuahidi."

Mwinyikondo alipenda kuimbiwa. "Waimbe."

Kidawa akaanza wimbo wa kutwangia mahindi, unaojulikana na kila mtu, mrefu wa beti kumi na mbili. Tatu akamfuata kwa kupiga mguu sakafuni, twi, twi. Wengine wakaitikia. Kidawa aliimba macho yakiwa ukutani. Ubeti wa tatu, ukucha ule ule. Ubeti wa sita, ule ule. Vipi ikiwa Bi Mwanaidi amekosea? Vipi ikiwa halirudi? Ubeti wa tisa ukucha ukaanza kunenepa. Wa kumi na mbili ulipokwisha, ulikuwa mnene kama kipande cha tikiti.

"Mama," mtoto wa Tatu akasema kwa sauti, "linarudi."

"Nani ameahidi?" akauliza nungunungu.

Wakatazamana. Hakuna aliyeahidi.

"Basi limerudi lenyewe," akasema Tatu, na kicheko kikaanza nyuma, kikaenea ukumbi mzima hadi kwa Nyati mlangoni.

Mwinyikondo akageuka kwa hasira, na pua yake ikagota ukutani. Akatulia hapo. Kwa karibu vile, kifaru huona.

"Hiki ni nini, Kidawa?"

"Ni jua, bwana. Lile jeusi linalotoka ni mwezi, ulikuwa umepita mbele yake. Na hivyo vidoa viwili ni vya jua lenyewe."

Mwinyikondo aliinua pua, akalifuata duara lilivyokuwa likipanda, mpaka shingo ikafika mwisho.

"Miaka yote hii," alisema, "nimewasimulia watu kitu ambacho sijapata kukiona. Asante."

Kidawa alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Neno hilo hakulitegemea, na machozi yakamtoka.

"Na mimi mnisamehe," aliwaambia wote. "Habari hii niliileta kwake, nikawaacheni nyinyi."

"Umetuletea leo," alisema ngiri. "Tunashukuru."

Mwinyikondo akaamuru mlango usifungwe tena na mtu. Tangu hapo, kila alasiri isiyo na mawingu, wanyama walipanda kuliona jua ukutani, Kidawa akiwaonyesha vidoa na watoto wakivihesabu. Chemchemi ikabaki ya wote.

Jioni ya siku ile, wengi walishuka na Kidawa hadi kwa Bi Mwanaidi, wamembebea maji na majani mabichi.

"Tumekuja kukushukuru, bibi," alisema Kidawa. "Hesabu ilikuwa yako."

Bi Mwanaidi aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama kobe anavyotazama.

"Mara tatu nililiona," alisema, "na mara zote tatu nilikuwa peke yangu, nisiwe na wa kumwambia. Leo nimesikia mnacheka kilimani. Asanteni nyinyi."

Kisa changu kimefika mwisho, wanangu, na funzo lake ni hili: ukijua jambo zuri, wagawie wenzako, kwako halipungui.